Kombi ya Kulala Safarini: Mwongozo Kamili wa Kununua na Kutunza Volkswagen ya Zamani

Kila anayenifuata kutaka ushauri wa kununua Kombi huanza na swali lile lile: injini ikoje? Namwambia ainame kwanza. Alale chali kwenye vumbi, achungulie chini ya milango, halafu anieleze bati likoje. Injini ya Kombi imeshikwa na boliti nne kwenye gia boksi na nyingine chache nyuma. Mafundi wawili wanaoijua wanaishusha asubuhi na kuirudisha kabla ya chakula cha mchana. Bodi iliyooza haishushwi. Itakula pesa ya injini tatu kabla hujafikiria hata rangi.

Ninazungumzia Kombi ya kizazi cha pili, yenye kioo kimoja kipana mbele, iliyotengenezwa Ujerumani kuanzia Agosti 1967 hadi 1979. Ile ya kwanza yenye kioo kilichogawanyika katikati ilianza 1950, na bei yake leo ni ya watu wa kuweka gari ndani wakaliangalie. Yangu ni ya 1973, injini ya cc 1600, nguvu za farasi 50. Ilizaliwa kubeba watalii: paa lilikatwa ili wageni wasimame na kamera zao. Mimi nimeiwekea kitanda, jiko na mapazia ya kitenge, na nimelala humo kuanzia Lushoto hadi Mbeya.

Kuitafuta, na karatasi zake

Usipoteze muda kuwaza kuagiza kutoka nje. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, Uganda imeweka kikomo cha miaka 15, na Tanzania ushuru wa gari kuukuu unakatisha tamaa. Kombi unayoitaka tayari iko hapa hapa: nyuma ya parokia, kwenye shamba la kahawa, kwa mjane ambaye marehemu mumewe aliipenda kuliko ng'ombe. Ulizia kwa mafundi wazee. Hao ndio wanaojua ipi imelala wapi na tangu lini.

Kadi ya gari, au logibuku kama uko Kenya, iangalie kabla hujashika pochi. Namba ya chasisi imegongwa ndani ya chumba cha injini, na iko pia kwenye kibati kilicho nyuma ya kiti cha mbele. Kwa magari ya kuanzia 1970 ina tarakimu 10, nayo inasomeka. Mbili za kwanza ni aina: 21 ni la mizigo, 22 la abiria, 23 ndiyo Kombi yenyewe, ambayo magari mengi ya kulala yalijengwa juu yake. Ya tatu ni mwaka. Kwa hiyo namba inayoanza na 223 ni gari la abiria la mwaka 1973, na mwaka wa kiwanda ulianza Agosti ya mwaka uliotangulia. Kadi ikisema 1968 na chasisi ikisema 1976, aga kwa heshima uondoke. Namba ya injini kutofanana ni jambo la kawaida, kwa sababu injini hizi zimebadilishwa kama soksi, lakini ni lazima mwenye gari akubali kuirekebisha kwenye kadi kabla ya kukuuzia.

Bodi: nenda na sumaku na bisibisi

Nenda mchana, jua likiwa kali, na gari likiwa kavu. Muuzaji aliyelioshaosha gari dakika tano kabla hujafika anaficha kitu, maana maji hung'arisha rangi na kufunika mawimbi ya puti, ile lipu ya kuzibia mashimo ya bati.

Chukua sumaku ndogo uifunge kwenye kitambaa ili isikwaruze. Ipitishe polepole chini ya milango, kuzunguka matao ya matairi, kwenye kona za nyuma, na chini ya kioo cha mbele. Inapokataa kushika, hapo hakuna bati. Kuna puti, au gazeti na puti, kama nilivyokuta kwenye moja niliyoikagua Tanga. Halafu tumia bisibisi, kwa ruhusa ya mwenyewe, kugonga maeneo haya:

- Mfereji wa maji unaozunguka paa. Ukivimba na kupasuka rangi, kutu imeshaingia ndani ya mkunjo. Kuitengeneza vizuri ni kazi ya wiki nzima.
- Vizingiti vya milango. Vina bati la nje, la kati na la ndani. Fundi mvivu hupachika la nje tu juu ya uozo.
- Sehemu nne za kuwekea jeki, na boriti za chasisi zinazopita kati yake.
- Kitako cha betri ndani ya chumba cha injini. Asidi hukila taratibu, na siku moja betri inachungulia barabara.
- Sakafu chini ya miguu ya dereva. Nyanyua kapeti. Asiyekuruhusu kunyanyua kapeti amekujibu.

Kwa Kombi zetu ongeza kitu kimoja ambacho huwezi kukikuta kwenye mwongozo wa Mzungu: mkato wa paa. Paa la kiwanda ni sehemu ya nguvu ya bodi. Lilipokatwa kwa ajili ya watalii, waliojua kazi waliweka fremu ya chuma kuzunguka uwazi. Wengine walikata tu na kupachika bawaba. Fungua na kufunga milango ya mbele paa likiwa juu, kisha likiwa chini. Mlango ukifunga vizuri katika hali moja na kugoma katika nyingine, bodi inajikunja.

Gari lililokaa Mombasa, Tanga au Zanzibar kwa miaka mingi lihesabu limeoza mpaka ulihakikishe vinginevyo. La Nanyuki au Iringa lina nafasi nzuri zaidi.

Injini: dakika kumi zinatosha

Kabla haijawashwa, shika puli kubwa ya chini kwa mikono miwili, uisukume ndani na kuivuta nje. Mchezo unaoruhusiwa ni kama 0.07 hadi 0.13 ya milimita, yaani kwa mkono usisikie kitu. Ukisikia "tok", krenki imekula beringi na kasha la injini linahitaji kuchongwa. Hiyo ni ovaholi, yaani kuifungua na kuiunda upya injini nzima, hata kama inanguruma vizuri namna gani. Punguza bei papo hapo.

Halafu iwashe. Moshi wa bluu kidogo mwanzoni ni kawaida kwa injini iliyolala kifudifudi namna hii. Ukiendelea baada ya dakika tano, ringi za pistoni au mirija inayoongoza valvu (valve guides) imechoka. Pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, kwenye silinda zote nne, namba zikaribiane. Ya tatu ikiwa chini peke yake, usishangae, nitaeleza sababu.

Spea zipo, usitishwe. Brazil iliendelea kuunda Kombi hadi Desemba 2013, na ndugu yake mwenye mgongo wa kobe alitengenezwa Meksiko hadi 2003 akitumia injini ya ukoo huo huo. Pistoni, silinda, kebo na kabureta bado vinatengenezwa vipya na huagizwa Afrika Kusini na Ulaya. Beringi na sili usizitafute kwa jina la gari: soma namba iliyochongwa, nenda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, utapewa kwa bei ya kawaida. Kinachoadimika ni fundi, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kazi za kufanya kwa mkono wako.

Siku ya kwanza nyumbani: badilisha mipira ya petroli

Kabla ya rangi, kabla ya redio. Kombi nyingi hazifi kwa uzee, zinateketea. Tanki liko juu ya gia boksi, injini iko nyuma yake, na kati yake kuna mipira ambayo pengine ina umri wa mwenye gari. Ile ya zamani imevikwa uzi kwa nje, kwa hiyo nyufa zake huzioni. Ikunje kwa vidole: ikitoa mlio wa kukwaruza kama biskuti, imekwisha.

Nunua mpira wa petroli, siyo wa maji wala wa oili, na klipu za kukaza kwa bisibisi. Badilisha yote: kutoka tanki, kwenye pampu, na hadi kabureta. Filta iweke kati ya tanki na pampu, chini, isining'inie juu ya distributa yenye cheche. Halafu shika kale kabomba kadogo ka shaba panapoingilia petroli kwenye kabureta, ukatikise. Kamesukumizwa tu kiwandani, na miaka ikipita kanalegea. Siku kakichomoka pampu inaendelea kusukuma petroli juu ya injini ya moto. Fundi akitoe, akigonge upya au akikatie uzi.

Mtungi wa kuzimia moto, wa unga mkavu, ukae karibu na kiti cha dereva. Nimeuona ukiwa umefungwa ndani ya chumba cha injini, na sijui mwenyewe alitarajia kuufuataje. Kasha la injini ya 1600 ni la aloi ya magnesiamu; likishika lenyewe, maji yanalichochea. Una sekunde chache za mwanzo tu, petroli ikiwa ndiyo inayowaka. Zikipita, toa watu na mizigo, kaa mbali.

Petroli isiyo na risasi isikutie hofu. Viti vya valvu kwenye hedi hizi, yaani vichwa vya injini vinavyofunika silinda, ni vya chuma kigumu kilichopachikwa, na tumeshaitumia nchi zetu zote tangu 2006.

Joto, na ile taa nyekundu

Watu husema Kombi haichemshi kwa sababu haina rejeta. Kweli haina maji ya kuchemsha, lakini inapata joto, na inakufa nalo kimya kimya. Upepo wa feni ndio maji yake. Kwenye injini ya 1600 feni imefungwa kwenye shafti moja na jenereta, na vyote viwili vinazungushwa na feni belti moja. Kwa hiyo taa nyekundu ya chaji ikiwaka ukiwa safarini, pengine siyo habari ya betri. Pengine belti imekatika na injini haipati upepo hata kidogo. Zima. Usisubiri kituo cha mafuta kilicho mbele. Injini kubwa za 1.7, 1.8 na 2.0 ni tofauti, feni yao imefungwa moja kwa moja kwenye krenki, lakini huku kwetu nyingi ni 1600.

Mimi nilijifunza hili kwenye mlima wa Kitonga. Nilikuwa nyuma ya lori la mbao, gia ya pili, jua la saa nane. Taa ikawaka hafifu, nikajisemea ni waya umelegea. Kona mbili mbele injini ikawa nzito, kama mtu amekanyaga breki. Nikasimama. Dereva wa lori lililokuwa nyuma yangu akashuka, akachungulia, akaokota kipande cha belti kilichokuwa kimejisokota kwenye bati, akanipa mkononi bila kusema neno. Hedi ya kushoto ilikuwa imepinda. Belti mpya ilikuwa chini ya kiti, ndani ya mfuko wake.

Kuibadilisha ni dakika kumi na tano, na unahitaji spana ya 21 na bisibisi pana:

1. Injini ipoe. Puli ya juu, ya jenereta, ina vipande viwili. Kwenye ukingo wa kipande cha ndani kuna pengo: ingiza bisibisi hapo, iegemee kwenye skrubu ya jenereta, ili puli isizunguke.
2. Fungua nati kubwa ya katikati. Toa kipande cha nje. Utaona washa (vibati vya duara vyenye tundu) nyembamba kadhaa kati ya vipande viwili, na nyingine nje chini ya nati. Usizitawanye majanini.
3. Weka belti mpya chini kwanza, kisha juu. Rudisha kipande cha nje na ukaze.
4. Bonyeza belti katikati kwa kidole gumba. Iingie kama sentimita moja na nusu. Ikilegea zaidi, fungua tena, toa washa moja katikati na uihamishie nje. Ikikaza kupita kiasi, rudisha moja katikati. Idadi yote ya washa haibadiliki. Zinabadilishana upande tu.
5. Baada ya kilomita 100 angalia tena, maana belti mpya hunyooka.

Zaidi ya belti, angalia mabati. Injini imevikwa mabati meusi pande zote, na kuna mpira unaozunguka injini nzima kuziba nafasi kati yake na bodi. Kazi ya mpira huo ni kutenganisha hewa baridi ya juu na hewa ya moto ya chini. Huku kwetu mara nyingi umetupwa zamani, na mabati mawili matatu yamebaki gereji fulani kwa sababu "hayana kazi". Yana kazi. Bila hayo feni inanyonya joto lake yenyewe. Kama injini yako ina mapengo unayoweza kupitisha kidole, tafuta bati na mpira kabla ya kutafuta kabureta mpya.

Na namna ya kuendesha: 80 hadi 90 kwa saa inatosha. Mlimani shuka gia mapema. Injini ikizunguka haraka, feni nayo inazunguka haraka. Kuing'ang'aniza gia ya nne ikiwa inakoroma ndiko kunakoipika. Ikitunzwa, injini ya namna hii haiogopi barabara zetu. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilishinda Safari Rally mwaka 1962, ikiendeshwa na Tommy Fjastad, kwenye matope ambayo yaliacha magari ya kifahari yakivutwa kwa kamba.

Tapeti: kila kilomita 5,000, injini ikiwa baridi

Kupima tapeti, yaani nafasi kati ya valvu na skrubu inayoisukuma, ndiyo kazi inayotofautisha Kombi inayodumu na inayofunguliwa kila mwaka. Mzee mmoja wa Moshi aliyenifundisha alinikuta nimeshika mafuta ya kuondoa kelele za injini niliyouziwa dukani. "Kijana," akaniambia, "tapeti inayopiga kelele inakusalimia. Iogope iliyonyamaza." Valvu ya ekzosi ikipata joto sana hunyooka, nafasi inaisha, haifungi sawasawa, inaungua. Ya silinda namba 3 hutangulia, kwa sababu kwenye injini za awali kipoza oili kiliwekwa mbele ya upepo wake, ukafika ukiwa umeshapata joto.

Nafasi ni 0.15 ya milimita, kwa valvu zote nane.

1. Injini ilale usiku kucha. Ukiwa umeendesha asubuhi, kazi ni kesho.
2. Toa kifuniko cha distributa. Zungusha puli ya chini kwa spana mpaka rota ielekee kwenye alama ndogo iliyochongwa ukingoni mwa distributa, na alama ya puli ilingane na mstari unaogawa kasha la injini katikati. Sasa silinda namba 1 iko juu, valvu zake zote mbili zimefungwa.
3. Ukitazama mbele kama dereva, namba 1 iko kulia mbele, namba 2 kulia nyuma, namba 3 kushoto mbele, namba 4 kushoto nyuma. Ingia chini, futa matope, sukuma waya wa kifuniko ushuke. Weka beseni, oili kidogo itadondoka.
4. Ingiza fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) kati ya skrubu na kichwa cha valvu. Inatakiwa ipite kwa kusita, kama kisu kwenye siagi ya friji. Isipopita au ikipita bila kugusa, legeza nati, zungusha skrubu kwa bisibisi, kisha kaza nati huku bisibisi imeshikilia. Pima tena, kwa sababu kukaza huihamisha.
5. Zungusha puli nusu mzunguko kinyume cha saa, uende namba 2. Nusu tena, namba 3. Nusu tena, namba 4.

Andika kwenye daftari ulichokuta, valvu kwa valvu. Valvu inayobana kila mara ukipima inakuambia inanyooka na siku zake zinahesabika. Bora uibadilishe nyumbani kuliko kichwa chake kidondokee pistoni porini.

Ukiwa na mikono michafu tayari, safisha pointi za distributa na uweke nafasi ya milimita 0.4, kisha hakiki taimingi, yaani wakati cheche inapotokea. Usianze na taimingi, kwa sababu nafasi ya pointi huibadilisha.

Oili, gia boksi, grisi

Injini ya 1600 inachukua lita 2.5 tu na haina filta ya karatasi, ila kichujio cha wavu chini ya tumbo. Ndiyo maana oili hubadilishwa kila kilomita 5,000, na mimi kwa vumbi letu nafanya kwa 3,000. SAE 30 au 20W-50 ya kawaida, ile ya injini za zamani. Fungua oili ikiwa na joto. Bati la kichujio lina nati sita ndogo za 10: zikaze kwa vidole viwili tu kwenye spana. Uzi wake uko kwenye magnesiamu laini, na fundi mwenye nguvu za kuonyesha ataung'oa. Badilisha gasketi mbili na zile washa ndogo za shaba. Wavu uangalie juani. Vumbi la kijivu ni uzee wa kawaida; vipande vinavyometa kama samaki ni beringi.

Gia boksi, lita 3.5 za SAE 90 daraja la GL-4. Fungua boliti ya kujazia kabla ya kufungua ya kumwagia. Nimeona mtu amemwaga oili yote halafu ya juu ikagoma, na gari likalala pale kwa siku nne.

Mhimili wa mbele una nipeli nne za grisi, na ya tano iko kwenye mkono wa stering katikati. Inua matairi ya mbele yaning'inie, piga grisi mpaka ya zamani itoke, kila kilomita 10,000.

Breki na matairi

Kombi iliyojaa maji, gesi na watoto inaweza kufika tani mbili. Kuanzia modeli ya 1971 mbele kuna diski. Kabla ya hapo ni dramu kote, na mteremko wa Lushoto hadi Mombo usiujaribu nazo bila kushuka kwa gia. Mafuta ya breki ni DOT 4, na yabadilishwe kila miaka miwili kwa sababu hunyonya unyevu wa hewa. Mipira ya breki ya zamani huvimba ndani: pedali inakuwa sawa, lakini tairi linabaki limeshikwa ukiachia. Kama rimu moja ina joto kuliko nyingine baada ya safari, anzia hapo.

Matairi ni 185R14 yenye herufi C, ya mizigo. Ya saluni yanaingia, lakini ubavu wake unacheza na gari linayumba kila basi likikupita. Upepo kama psi 30 mbele na 40 nyuma.

Kuifanya nyumba

Kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilianza kutengeneza samani za kulala kwenye Kombi mwaka 1951. Zao ni nzuri, lakini kwetu fundi seremala hodari anatosha. Tumia plaiwudi ya baharini ya milimita 12, siyo ubao mzito wala chipubodi inayovimba masika ya kwanza. Kila kitu kifungwe kwa boliti kwenye sakafu, na sehemu yoyote uliyotoboa bati ipakwe rangi kabla boliti haijaingia. Maji na betri ya pili vikae chini, kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Usining'inize ndoo za maji nyuma ya injini. Godoro likatwe vipande vitatu, mchana ni makochi. Mapazia mafupi ya kitenge juu ya waya, yafungike chini pia, la sivyo utaamka na watoto wa kijiji wamekuzunguka wakikuhesabu vidole.

Gesi ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni. Kabati la mtungi liwe na tundu sakafuni linalotokea nje, na liwe limezibwa kwa ndani. Jaribu viungo kwa povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi. Binafsi napika nje, mlango ukiwa wazi na turubai juu. Jiko la mkaa halilali ndani ya gari, hata likiwa na majivu tu. Hewa yake haina harufu na haiamshi mtu. Vivyo hivyo usilale injini ikiwa inaunguruma. Hita ya Kombi huchukua joto kwenye mabomba ya ekzosi, na yakitoboka moshi huingia ndani. Yangu nimeiziba kabisa. Baridi ya Lushoto naimaliza kwa blanketi.

Umeme: jenereta ya zamani haina uwezo wa kulisha friji. Panga paneli ya jua ya wati 100 na betri yake ya pekee, isiyoungana na ya kuwashia gari. Inatosha taa, simu na feni ndogo.

Masika, na sanduku la chini ya kiti

Mvua zikianza, osha chini ya gari kwa maji mengi, hasa ukitoka pwani, na uache likauke. Safisha matundu ya kutolea maji chini ya milango kwa waya. Paa la turubai liache wazi mpaka likauke kabisa, maana likikunjwa na unyevu linaota ukungu kwa wiki moja. Gari likisimama zaidi ya mwezi, liwashe na uliendeshe kilomita kumi ili oili ipate joto la kutosha kukausha maji yaliyo ndani yake. Kuliwasha dakika mbili na kulizima ni kuliongezea maji.

Sandukuni mwangu kuna belti mbili, seti ya pointi na kondensa, rota, plagi mbili, kebo ya klachi na ya mafuta, mita moja ya mpira wa petroli na klipu zake, spana 10, 13, 17, 19 na 21, fila geji, bisibisi, waya wa kufungia, tochi ya kichwani, na lita moja ya oili. Kebo ya klachi imewahi kunikatikia kilomita arobaini kabla ya Chalinze. Niliiwasha ikiwa kwenye gia ya kwanza, nikabadilisha gia kwa kusikiliza mngurumo, na kila taa ya barabarani ilipokuwa nyekundu nilizima na kuanza upya, huku mke wangu akiwaomba radhi wenye bodaboda dirishani.